Siku Tisa za Kwenda Rubya

Likizo hii nilipofika Rwamishenye sikuwa nimefungua hata mdomo. Nilikuwa bado napangusa matope ya viatu kwenye ngazi ya baraza, Babu akasema kutoka ndani, "Huyo anayekanyaga kama anaua mende ni Kemi. Mwambieni nyumba hii haina mende." Nikaingia nikamkuta kwenye kiti chake, uso umeelekea redio ambayo haikuwa imewashwa. Haoni tena. Anajua tu kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku, na anasema hiyo inamtosha mtu asiye na miadi. Nilipiga magoti nikamwamkia, akanishika mashavu kama mtu anayechagua papai sokoni, akasema yameongezeka, ama chakula cha shule kimekuwa kizuri ama nimeanza kuiba. Vyote viwili, Babu, nikamwambia. Bibi akacheka huko jikoni. Nami nikakumbuka kwamba upo mwaka ambao watu wawili wa nyumba hii walikuwa wanajua jambo moja kubwa, mimi silijui, na mimi ndiye niliyekuwa naongea kuliko wote.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu. Nina miaka kumi na minane, najua watu wazima wanacheka mtu wa umri wangu akisema "zamani", lakini zamani yangu ndiyo hiyo, sina nyingine. Mwezi wa nne nilirudishwa nyumbani wiki mbili. Kosa langu lilikuwa tangazo. Niliandika kwa mwandiko wa kiofisi kabisa, nikabandika kwenye ubao nje ya bwalo: "Kuanzia Jumatatu, wadudu wa maharage watatolewa kabla ya kupika, si baada ya kula. Wanafunzi waliokwisha kuizoea nyama hiyo watavumilia." Chini nikaweka sahihi ya mkuu wa shule, ambayo nilikuwa naijua kuliko yangu. Kwa maneno yale pengine ningechapwa viwili nikasamehewa, hata mwalimu wa zamu alicheka mpaka akashika ukuta. Sahihi ndiyo iliyoniponza. Mama akasema hataki kuniona mezani kwake kwa wiki mbili, maana akiniona atacheka na akicheka nitakuwa nimeshinda. Akanipeleka Rwamishenye kwa wazazi wake nikafundishwe adabu.

Nikamkuta Bibi anapanga vitenge kwenye sanduku. "Tunakwenda kutembea," akasema. Nikauliza wapi. "Kanazi, Muleba, Rubya." Nikauliza watarudi kesho au kesho kutwa. "Tutarudi tukirudi. Na wewe unakwenda, siwezi kukuacha na nyumba yangu, nitakuta umeitangaza." Sasa, mtu asiyekujua kwetu nimweleze: kutoka Bukoba mpaka Muleba ni mwendo wa asubuhi moja, na Rubya ni hapo mbele kidogo. Basi linakwenda na kurudi, na abiria wanapata nafasi ya kugombana mara mbili. Sisi ilituchukua siku tisa. Babu alikuwa ameendesha lori la kahawa nusu ya maisha yake, na nilikuwa nimekua nikisikia sifa zake, kwamba alikuwa anashuka milima ya Kagera usiku huku anamenya chungwa. Lakini asubuhi ile, katika gari lake dogo jeupe, tulipitwa na baiskeli. Sitanii. Tulipitwa na baiskeli iliyobeba mtu na mbuzi, na mbuzi akatugeukia.

Na muda wote huo Bibi anaongea. Alikaa mbele, mkoba mapajani, akaanza kusema kabla hatujafika lami na hakunyamaza. "Baba Stela, kushoto kuna mama na ndoo, anatembea katikati kama bibi harusi." Babu anasema, "Namwona." "Mbele kuna tuta." "Tuta hilo nalijua tangu halijazaliwa." "Mtoto anavuka. Amevuka. Amerudi, kasahau kandambili. Sasa amevuka." Nilikuwa kiti cha nyuma nimejikunja kwa vicheko. Nikaipa jina, Redio Bibi, nikawa natangaza kwa sauti ya pua, "Hii ni Redio Bibi, tunawaletea mbuzi wawili upande wa kushoto, endeleeni kutusikiliza." Bibi akacheka mpaka akajifuta machozi. Sasa hivi nikikumbuka machozi yale sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Mahali ziwa linapoonekana kutoka barabarani, Babu alisimamisha gari akashuka, akasimama pale akiliangalia ziwa kama mtu anayekunywa maji baada ya kulima. Mimi nilimaliza karanga zote. Alipoingia garini nikamwambia, "Babu, ziwa halihami, hata kesho lipo." Akasema, "Ziwa lipo, mjukuu wangu." Basi. Akawasha gari.

Kanazi tulifika alasiri, mvua imeanza. Tulikuwa tunakwenda kwa Ta Ishengoma, yaani Mzee Ishengoma, rafiki wa Babu tangu wakiwa wadogo kuliko mimi. Kusema rafiki ni kusema kidogo. Watoto wale walikula kiapo cha omukago, ule udugu wa zamani wa Wahaya, ambapo watu wawili wanakula buni mbili zilizotoka katika tunda moja la kahawa, kila mmoja na damu ya mwenzake, na kuanzia hapo shida ya huyu ni shida ya yule mpaka kaburini. Mchungaji wao alipogundua aliwachapa wote wawili, na Babu anasema fimbo zile ndizo zilizokaza kiapo. Hawaitani majina. Wanaitana munywani, yaani wewe wa kiapo changu. Ta Ishengoma alikuja na mwavuli mpaka mlango wa gari, mrefu, mguu mmoja anauvuta kwa goti bovu, akaanza kutukana kabla hatujashuka: "Munywani! Nimesikia kuna konokono anatoka mjini, kumbe ni wewe!" Babu akamjibu kwamba konokono angalau hachechemei. Wakakumbatiana katika mvua, Bibi akawafokea kama watoto.

Sebule ya Ta Ishengoma naikumbuka yote, pengine kwa sababu ndimo nilimoharibu mambo. Walikuwa wametutandazia nyasi mbichi sakafuni, kama wazee wanavyofanya wakitaka mgeni ajue alikuwa anasubiriwa, na nyasi zilinukia chumba kizima. Umeme ulikuwa umekatika. Dirisha moja, migomba imeliziba, na mvua nje, kwa hiyo mle ndani tulikuwa vivuli tu vinavyoongea. Ukutani kulikuwa na picha ya mke wa Ta Ishengoma, ambaye hajamaliza mwaka tangu azikwe humo humo kwenye kibanja, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Mkwewe Adela akaleta kikapu kidogo chenye mfuniko, kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa. Kwetu mgeni hasalimiwi akakamilika bila hiyo. Ta Ishengoma akamnyang'anya Adela kikapu, akainuka yeye mwenyewe na goti lake, akamfikishia Babu, akainama. Babu alikuwa anaongea na Bibi. Ta Ishengoma akasubiri. Kikapu kilikuwa pale pale, pembeni ya goti la kushoto la Babu, karibu kabisa. Babu akanyamaza, akageuka, akatazama mbele, mikono yake mapajani. Hakuinua hata kidole.

Ilikuwa muda mfupi tu, mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi. Lakini mimi ukimya huniwasha mwilini kama upupu. Nikasema, kwa sauti yangu ya Redio Bibi, "Babu ameacha kahawa ya Kanazi! Anasema siku hizi ina mchanga, anasubiri ya Muleba!" Nikangoja wacheke. Ta Ishengoma, bado ameinama, akauliza polepole, "Ni kweli, munywani?" Na Babu akasema, "Nimeacha." Ta Ishengoma akarudisha mfuniko. "Umeacha," akasema, si kama swali. Akarudi kukaa.

Chakula kilikuja kwenye majani ya mgomba, ndizi zilizopikwa na maharage zikapondeka vizuri, na samaki sato aliyenunuliwa Kemondo asubuhi hiyo kwa ajili yetu. Chakula cha kupigania. Watu wakala kama wako msibani. Ta Ishengoma alimuuliza Babu habari za barabara. Watu waliokula buni ya damu, wanaulizana habari za barabara! Asubuhi tulipoamka mwenye nyumba alikuwa ameshakwenda shamba, ametuachia salamu kwa Adela. Bibi alifungua buti kuweka sanduku, akasimama anaangalia. Hamna mkungu hata mmoja, hamna hata kifurushi cha maharage. Mtu wa kwetu kuondoka Kanazi na buti tupu, afadhali angepigwa mawe. "Tangu niolewe," Bibi akasema, akaishia hapo. Nikatarajia nitachapwa kwa utani wangu. Hakuna aliyeniambia neno, na hilo lilinitisha zaidi.

Muleba mjini tulikaa gesti siku mbili, bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja. Hatukuwa na ndugu pale. Babu alitaka tu. Asubuhi alikuwa akikaa na Bibi kwenye baraza ya gesti, chai ya maziwa na chapati, wanaangalia watu wanapita kwenda sokoni. Bibi alivaa kitenge kipya kila siku, na kila siku Babu alimwomba asimame kwenye jua amwone. "Geuka," anamwambia. "Sasa geuka tena." "Wewe mzee una wazimu, watu wanatuangalia." "Waache wafaidi." Niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Nilijifunika gazeti. Leo ningetoa chochote nirudi kwenye kile kiti cha plastiki, nilipe chapati, nitoe gazeti usoni.

Siku ya tano tukakata kwenda Rubya kwa Ma Justa, dada yake Babu. Mvua ilikuwa imeacha, barabara ya vumbi imekuwa ya utelezi, na Bibi ambaye hakulala vizuri gesti akasinzia, kichwa dirishani. Redio ikazimika. Nakumbuka kabisa nilivyofurahi. Nikajiwazia, hatimaye, amani katika nchi. Kisha nikaona baiskeli. Ilikuwa inatoka kwenye njia ya kibanja upande wa kushoto, mikungu mitatu ya ndizi imefungwa nyuma, kijana anaisukuma kupanda barabarani. Ilikuwa wazi kama kanisa. Nikangoja Babu apunguze. Hakupunguza. Nikaangalia uso wake kwenye kioo cha ndani, umetulia, unatazama mbele. Nikapiga kelele, "Babu, baiskeli! Kushoto! Babu!" Akakanyaga breki, gari likateleza ubavu, likasimama. Yule kijana alikuwa amejitupa mtaroni, mzima, amefunikwa na ndizi zake. Kati ya gurudumu letu na baiskeli yake palikuwa na nafasi ya kuingia mkono, si mkono na kikapu.

Kijana akainuka na hasira zake zote, na zilikuwa halali yake. "Mzee! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Ndiyo, mwanangu," Babu akasema. "Nisamehe."

Kijana akaanza kuokota ndizi. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, hakuwa amejiandaa kwa jibu. Tukashuka sote tukamsaidia kufunga mikungu upya, Babu akipapasa kamba kwa vidole, nami nikiviangalia vidole vile kwa mara ya kwanza. Kijana alipoondoka Babu alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akaniambia mwenyewe. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, na la kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alimwambia aache kuendesha na ajiandae. Akamwomba Bibi safari moja, ya polepole, akaone watu wake na mahali pake wakati bado anaona. "Bibi yako ndiye aliyekuwa macho yangu," akasema. "Ile redio yako." Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu. "Ni mimi niliyelala," akasema. "Na ni mimi niliyekukubalia. Tungeua mtoto wa watu kwa sababu nilishindwa kukuambia hapana." Babu akachomoa ufunguo, akauinua hewani, akangoja mkono wa kuupokea. Bibi akaupokea. Halafu akafungua mkoba, akatoa kitabu cha nyimbo, na katikati ya nyimbo za Pasaka akatoa leseni ya udereva. Nilikuwa nimesikia kwamba alipokuwa mwalimu aliwahi kuendesha, ila habari hizo nilizichukulia kama hadithi za sungura. Babu akaileta karibu na pua, akaihamisha hamisha mpaka ikaingia kwenye bomba lake. "Hii ni mpya."

"Tangu wiki ile tuliyotoka kwa daktari."

"Ukanificha."

"Tulikuwa tunafichana, Baba Stela. Ingia upande ule."

Rubya tulikaa siku tatu, na kama pepo ina harufu, basi inanukia kama jiko la Ma Justa. Alikuwa nesi mstaafu, mjane, mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti. Alimwangalia kaka yake akipanda ngazi mbili tu, akasema, "Kaka, unaona nini na huoni nini? Usinidanganye, mimi si mkeo." Akaambiwa, akalia dakika moja, akaenda kuchinja kuku. Aliwekea sahani ya Babu utaratibu, ndizi karibu yake, nyama upande wa pili, mboga kulia, akamwelekeza mara moja na hakurudia. Alitutolea senene wa kukaanga, wale panzi wa kwetu, aliowahifadhi tangu msimu, akampimia Babu wengi kuliko sisi, nikalalamika, akaniambia, "Subiri nawe uzeeke, bojo," neno letu la kubembeleza. Nyumba yake kuta hazifiki kwenye paa, ukikohoa chumba hiki unapewa pole chumba cha tatu. Ndiyo maana siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mvua inapiga bati na watu wamejinyoosha, nilisikia kila kitu. Bibi alikuwa anasema, "Rudi Kanazi umwambie." Na Babu: "Nimwambie nini? Goti lake lile. Mkewe hata nyasi hazijaota vizuri juu yake. Nikimwambia, kwa kiapo chetu macho haya yanakuwa shida yake. Ataacha shamba lake aje anishike mkono. Unamjua." "Sasa anadhani umemkataa." "Afadhali anichukie akiwa ana nguvu. Mtoto alinipa mlango, nikapita."

Mtoto ni mimi. Nililala pale naangalia bati. Maisha yangu yote utani wangu ulikuwa unanitia matatani mimi, na hiyo ni haki, ni kama ushuru. Sikuwa nimewahi kuona unavunja kitu cha mtu mwingine, tena kitu cha miaka yote ile, kwa sentensi moja. Nikainuka nikaenda kwenye mlango wao. "Babu, nimesikia."

"Najua. Kitanda chako kimeacha kulia."

"Nipeleke Kanazi nikamwambie nilitunga."

"Utamwambia ulitunga, atauliza kwa nini sikunyoosha mkono. Hapo utasema nini? Hapana, Kemi. Niahidi hutamwambia habari ya macho."

Nikaahidi. Sauti yake haikuwa ya amri, ilikuwa ya kuomba, na babu akikuomba utakataaje?

Kwa hiyo siku ya tisa, njiani kurudi, buti limejaa ndizi za Ma Justa, Bibi anaendesha kwa mwendo wa msafara wa maaskofu, nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Tukakaribia njia ya kwenda kwa Ta Ishengoma. Bibi akawasha taa ya kuonyesha kona, akakata. Babu akainua kichwa. Haoni pembeni, lakini mwili wake unajua kila kona ya barabara ile kama ulimi unavyojua meno.

"Mama Stela, huku si nyumbani."

"Usukani kashika nani?"

"Nimesema sitaki."

"Nimekaa upande huo maisha yangu yote ya ndoa nikipelekwa ulikotaka wewe. Leo kaa nawe uone kulivyo."

Jua lilikuwa kali baada ya mvua za siku zote zile, na Ta Ishengoma alikuwa ameanika kahawa yake uani, mikeka minne mirefu, yeye kwenye kigoda anachambua zilizooza. Alituona, hakusimama. Bibi akazima gari. Babu akakaza mikono kwenye magoti yake, akasema yeye haendi popote. Nikashuka peke yangu. Nikapita pembezoni mwa mikeka, nikapiga magoti kwenye udongo mbele ya kigoda, nikamwamkia kwa Kihaya changu cha shule ya bweni. Akaitikia bila kuinua macho. "Babu yako amesahau kitu?"

"Waitu," nikamwita kwa heshima, "mimi ndiye niliyesahau. Ile habari ya mchanga niliitunga mimi. Babu hajawahi kusema neno baya juu ya kahawa yako."

"Alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mdomo wangu una miguu yake."

Akatupa buni mbovu pembeni. "Sawa. Wewe ni mtoto. Lakini mkono ni wa mtu mzima, na haukunyooshwa. Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Wallahi ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na jibu na kulimeza. "Hilo niliahidi kutosema."

Ndipo akaniangalia. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari. Babu alikuwa ameshuka. Baadaye aliniambia alisikia nilivyonyamaza, akaona aibu kwamba mtoto asiyeweza kufunga mdomo ameufunga kwa ajili yake. Alikuwa anakuja, amenyooka, anatembea kama mtu mwenye njia yake, na Bibi hakumshika kwa sababu alikuwa amekatazwa. Akaja moja kwa moja. Akakanyaga mkeka wa kwanza. Akaendelea, viatu vyake vya kanisani katikati ya kahawa, buni zinalia chini ya soli, nyingine zinaruka kwenye matope. Nani wa Kanazi amewahi kuona kitu hicho? Kahawa ya mtu iliyoanikwa haikanyagwi. Mtoto anayetambaa anajua, kuku wanajua, hata mwizi huzunguka. Ta Ishengoma akainuka, mkono umeshainuka kukemea. Ukabaki hewani. Akaiangalia miguu ile. Akauangalia uso wa Babu, uliokuwa unamtafuta na umempita kidogo upande wa kulia.

"Munywani," akasema taratibu, "umesimama kwenye nini?"

Babu akasimama. Akasugua soli chini, mara moja, akisikiliza. Nikaona alivyoelewa. "Ni kahawa," akasema. "Sikuiona. Na kile kikapu sikukiona."

Nilitegemea kulia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, leso mkononi. Badala yake Ta Ishengoma akamtukana. Alimtukana kwa Kihaya, akaongeza Kiswahili, akarudi Kihaya, akitembea kwa kuchechemea juu ya kahawa yake mwenyewe kumfikia. Mjinga, mwenye kiburi, kichwa cha jiwe la kusagia! Kwa hiyo kiapo ni cha siku za jua tu? Mke wangu alipokuwa anakufa nilikuuliza kama uko tayari kuongezewa shida? Ulikuja ukakaa wiki tatu, ukanifulia nguo, vibaya, lakini ulifua! Na mimi shida yako unanipimia! Babu alisimama anatukanwa, kichwa kimeinama, na mabega yake yakawa yanashuka polepole kama ya mtu anayetuliwa mzigo. Adela alitoka jikoni na mwiko, akaona wazee wawili katikati ya mkeka, akarudi ndani. Bibi alikaa kwenye ngazi ya nyumba, akavua viatu, akafunga macho.

Hasira zilipoisha Ta Ishengoma akauliza, "Bado unaona kiasi gani?"

"Kidogo. Mbele tu. Kwenye mwanga."

"Na siku ile, kwenye giza la mvua, uliniona?"

"Sikukuona. Nilikuja kukuona nikaondoka sijakuona."

Ta Ishengoma akamshika mabega, akamgeuza mpaka jua likawa mgongoni kwa Babu, akausogeza uso wake mwenyewe karibu, kwenye mwanga wote. "Haya. Niangalie. Usinionee haya, nimezeeka vibaya." Babu akamwangalia. Aliuhamisha uso wa rafiki yake kwenye lile bomba lake kidogo kidogo, paji, jicho, jicho, pua, kidevu, hana haraka, na Ta Ishengoma akamngoja hana haraka. "Pua ni ile ile," Babu akasema mwishoni. "Ilitangulia kufika uzeeni." Ta Ishengoma akacheka kicheko kikubwa hadi goti likamsaliti, ikabidi washikiliane.

Kisha Babu akasema, "Kemi yuko wapi? Mlete hapa kwenye jua." Nikaletwa. Ta Ishengoma akanisimamisha pale alipokuwa amesimama yeye, buni chini ya nyayo zangu, uso wa Babu karibu mpaka nilisikia pumzi yake. Nilikuwa na chunusi tatu kwenye paji, na nywele zimekatwa na mwalimu wa nidhamu kwa hasira. Nilikuwa na utani mzuri kabisa kuhusu yote mawili, uko tayari kwenye ulimi. Nikaurudisha. Nikainua kidevu, nikatulia, nikaangaliwa.